Jina la Mkwe Wangu wa Ng'ambo

Sisi kwetu Muheto, milimani Kivu, hatukuwa na jina la nyumba. Baba yangu alizaa watoto saba na majina yakawa saba, hakuna lililofanana na lingine, wala hakuna lililofanana na lake. Kaka yangu wa kwanza alipata jina la mvua ya mawe, kwa sababu alizaliwa siku ilipopiga ng'ombe malishoni. Dada yangu alipata jina la kumshukuru Mungu. Mimi bibi yangu aliniangalia usoni, akasema neno moja, na neno hilo likabaki. Padri alituongezea la ubatizo juu yake, basi. Mtu akifa aliondoka na jina lake. Ungeniambia nikiwa msichana kwamba kuna watu ambao jina moja hutoka kwa babu likaingia kwa baba, likaingia kwa mtoto na mtoto wa mtoto, miaka na miaka bila kuchoka, ningekuuliza: hao wanaitana namna gani nyumbani? Ukiita mmoja, si wote wanaitika?

Watu hao nilikuja kuwajua kwa sababu ya maziwa. Familia yetu ilikuwa ya ng'ombe. Vita vya Wazungu vilipokwisha, Serikali ilileta kambi ya barabara chini ya mlima wetu, na kila asubuhi mimi na dada yangu tuliteremka na vibuyu kwenda kuuza. Msimamizi wa madaraja alikuwa Mzungu mrefu, mabega yameinama, Kifaransa chake kinachechemea. Wabelgiji walimsalimia kwa mbali. Tulidhani wamegombana naye, kumbe hakuwa mtu wa kwao. Alikuwa Mserbia, kutoka nchi ya milima ambayo hakuna mtu Muheto aliyewahi kuisikia. Yeye ndiye Mzungu wa kwanza niliyemwona akinywa maziwa yaliyoganda bila kukunja uso. Alifuta sharubu, akasema, "Kama ya kwetu." Dada yangu alicheka mpaka akamwaga kibuyu kimoja, na nyumbani tukachapwa sote wawili.

Sitaki kueleza yote. Nitasema tu kwamba aliponitaka, Baba hakusema ndiyo wala hapana, alisema, "Ng'ombe iko wapi?" Wazungu wengine walichukua wasichana kambini wakawaacha walikowakuta, bila neno kwa wazazi. Huyu alikwenda akanunua ng'ombe sita, akapanda nao mlima yeye mwenyewe, huku mmoja amempiga teke la paja. Alifika kwetu anachechemea, kofia mkononi, ukoo wote umekaa unamwangalia. Baba aliwazunguka ng'ombe, akawashika pembe mmoja mmoja, kisha akasema, "Huyu ni mukwe." Serikali haikuandika ndoa ile mahali popote. Lakini mlimani kwetu iliandikwa kwa ng'ombe, na hakuna aliyeweza kuifuta.

Jioni moja kabla sijaondoka, Mama aliniweka chini. Kila binti wa kwetu alipewa maneno yale. Bibi harusi halitaji jina la baba mkwe wake, maisha yake yote. Hata neno linalokaribia jina hilo analizunguka. Kama mkwe anaitwa kwa jina la mvua, mvua utaiita maji ya juu mpaka unaingia kaburini. "Umuulize mapema jina ya baba yake," Mama alisema. "Upate kujua kitu cha kuepuka. Jina ya mukwe haitokake mu kinywa, unasikia?" Nikasema nimesikia.

Basi nikamuuliza. Tulikuwa tumehamia Kashebere, mpakani mwa Walikale, alikopewa madaraja mapya, na nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni. Akalitaja. Nikaziba mdomo kwa mkono. Lilikuwa jina lile lile ambalo wafanyakazi walimwita yeye mwenyewe tangu asubuhi mpaka jua linatua!

"Hilo ni lako," nikamwambia.

"Ni langu. Na la baba. Na la babu yangu, na la kaka zangu watatu. Na la jirani yetu wa ng'ambo ya mto, ambaye si ndugu."

Nikaacha maharagwe. "Yule wa ng'ambo ya mto aliliiba?"

Alicheka, lakini aliona kwamba nauliza kweli, akakaa kwenye kizingiti akanieleza. Alisema zamani sana, wakati wafalme wa mbali walipotawala milima yao, walikuja watu wa kuandika kila nyumba yenye moshi. Waliuliza, "Nyumba hii ya nani?" Katika kila kijiji palikuwa na mtu mmoja aliyetia chuma motoni akakipiga, akatengeneza majembe na viatu vya farasi. Jina lake mwenyewe watu hawakulitumia sana, walimwita kwa kazi yake. Akifa, mtoto wake akiulizwa, anajibu: mtoto wa yule. Wakaandika: mtoto wa yule. Mtoto wa mtoto hakuwahi kushika nyundo, alichunga kondoo, lakini karatasi ilisema bado ni mtoto wa yule, na mjukuu wake hivyo hivyo. Ndiyo maana jina lenyewe lina kipande mwishoni kinachosema "mtoto wa". Na kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na mpiga chuma wake, jina hilo lilichipuka mahali mia kwa wakati mmoja, na wenyewe hawakujuana.

Mungu wangu! Nilikaa pale nikasahau chungu jikoni. Niliwaza yule mtu wa kwanza, mikono myeusi kwa masizi, anapiga jembe la jirani. Hajui kitu. Jina lake la kuzaliwa limepotea, hata watoto wa watoto wake hawalijui. Lakini kazi yake imekuwa jina la watu wengi kuliko wote ninaowajua mimi, na wengine wao ni maaskari, na wengine ni mapadri, na mmoja amevuka bahari akaja kujenga madaraja Kashebere akaoa binti wa ng'ombe. Nilimwogopa yule mzee wa zamani, nasema kweli. Nilimwogopa na kumheshimu bila kumwona.

Bwana wangu alisema, "Sasa hilo si jina la baba yangu peke yake. Ni la wote. Unaweza kulisema."

"Baba yako akiitwa hivyo, anaitika?"

Akafikiri. "Anaitika."

"Basi ni jina lake."

Baadaye aliniambia jambo ambalo halijanitoka mpaka leo. Bibi yake huko milimani kwao naye hakumtaja babu kwa jina hata siku moja. Alisema "yeye", au "mwenye nyumba". Na mabibi harusi wa kwao walipoingia nyumba ya watu hawakuita wakwe kwa majina yao, waliwatafutia maneno mengine ya heshima. "Lakini hilo ni jina la kila mtu peke yake," akasema, "lile la ukoo tunalisema tu." Mimi sikusikia sehemu ile ya mwisho. Nilisikia kwamba kuna wanawake upande wa pili wa dunia, wenye theluji mlangoni, wanaoona haya ile ile ninayoiona mimi. Nilitamani niwaone na kuwasalimia.

Tangu siku hiyo sikulitaja, na nikakataa pia neno la ile kazi ya chuma, kwa lugha yetu na kwa Kiswahili. Hata hapa ninaposimulia, mnaona ninavyolizunguka. Pale Kalembe, njiani kwenda kwetu, palikuwa na mtu wa kazi hiyo, alitengeneza majembe ya wakulima wa mihogo. Nilikwenda kwake nikasimama, nikasema, "Baba, wewe wa moto, nataka jembe." Akaniuliza kwa nini namzunguka hivyo, kwani yeye ana ukoma? Nikamwambia, "Kazi yako ni mukwe wangu." Alicheka mpaka mvukutaji wake akaacha mvukuto. Toka hapo, kila nikipita barabarani, aliita kwa sauti, "Muke wa mutoto wangu! Hausalimie mukwe?" Nami nilipiga goti kidogo barabarani, nusu utani, nusu kweli.

Bwana alikuwa na picha moja ya makaburi ya kwao, kwenye mteremko, mawe yamesimama. Sikujua kusoma, lakini macho ninayo. Aliweka kidole chini ya maandishi ya jiwe la kwanza, nikalitazama umbo lake vizuri. Kisha akaniachia nitafute mwenyewe. Nilipata umbo lile lile kwenye jiwe la pili. La tatu. Nilienda na kidole mpaka pembe ya picha, mpaka pale mawe yalipokuwa madogo ya kuumiza macho, na mahali pote lilikuwepo. Kwetu mtu akizikwa, tunapanda mti, na baada ya muda mti ndio unaojulikana. Hawa wamelala kilima kizima na wote wanaitwa neno moja. Nikamrudishia picha haraka.

Na kama hilo halitoshi, mwaka uliofuata kamio moja, lori kubwa, iliharibika mbele ya nyumba yetu. Dereva alikuwa Mzungu mnene, mweusi kwa mafuta ya gari. Bwana alitoka kumsaidia. Nikawasikia wanasemezana lugha ambayo sikuwahi kusikia mtu mwingine akiisema na bwana wangu. Wakapeana mikono, kila mmoja akataja jina lake, kisha wote wawili wakabaki wameduwaa. Lilikuwa moja! Huyu alikuwa Mkroatia, mtu wa pwani na visiwa. Niliwapikia kuku. Kabla ya kula, bwana wangu alifanya ishara ya msalaba kwa vidole vitatu, akianza bega la kulia. Mgeni akaifanya kwa kiganja wazi, akianza la kushoto, kama padri wetu. Wakatazamana.

"Ninyi ni ndugu?" nikauliza.

"Hapana," bwana akasema.

"Basi ni maadui?"

Ee, swali lile! Sikujua. Kumbe wakati wa vita watu wa kanisa lile na watu wa kanisa hili waliuana huko kwao, na wauaji na waliouawa pengine walikuwa na jina moja. Nilijuta kuuliza. Halafu mgeni akasema, na bwana akanifasiria: "Kwetu kisiwani nusu ya watu wanaitwa hivi. Kwao mlimani nusu ya watu wanaitwa hivi. Mababu zetu wote walipiga chuma, wala hawakuulizana wanasali wapi." Akachukua paja la kuku akamwekea bwana wangu kwenye sahani. Mimi nilitoka nje kwenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji, maana machozi yalikuwa yananijia na sikutaka mgeni ayaone.

Kisha nikazaa mtoto wa kike. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyotiwa chai. Mama yangu alikuja akampa jina, la kwake peke yake, kama desturi. Ubatizo ulichelewa, kwa sababu bwana alitaka padri wa kanisa lake, na padri huyo hakuwepo Kivu nzima, na padri wetu hakutaka kusikia habari hizo. Kuandikisha mtoto kwenye ofisi ya Serikali kule Masisi alisema atakwenda, kesho, kesho kutwa, daraja hili likiisha. Wanaume! Madaraja hayaishi. Mtoto akafika miaka mitatu hana karatasi yoyote.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wakati ule Serikali iliwatafuta watoto wa rangi mbili. Yule ambaye baba yake amemtambua, aliachwa. Yule ambaye baba hajulikani, alichukuliwa, akapelekwa mbali kwa masista, safari ya siku nyingi, na mama yake hakuulizwa. Kulikuwa na mwanamke mmoja upande wa Walikale ambaye mtoto wake wa kiume alipandishwa kamio akiwa na kipande cha mhogo mkononi. Mpaka tunazungumza naye hakuwa amemwona tena. Nilijua habari hizo, lakini nilijiambia kwamba mimi ni mke wa ng'ombe sita, hazinihusu.

Ajenti wa Serikali alikuja Kashebere kuandika watu katika msimu wa mvua. Bwana alikuwa ndani ya msitu wa Walikale, siku nne kwa miguu nje ya barabara kubwa, ambako maji yalikuwa yamebeba daraja la watu wa migodi. Kapita, yaani nyapara wake, na wafanyakazi wote walikuwa naye, na kisanduku chake cha karatasi pia. Ajenti alikaa mezani sokoni, chini ya kibanda, karani wake kando. Karani alikuwa mtu wa magharibi, anasema Lingala, Kiswahili chake cha ofisi. Tulipanga mstari. Zamu yangu ikafika, mtoto mgongoni.

"Baba ya mutoto njo nani?" karani akauliza.

Nikafanya kama tunavyofanya. Kwetu mwanamke akiulizwa jina asiloweza kulitaja, anageuza uso kwa mtu wa karibu yake, na mtu huyo anajibu kwa niaba yake. Hilo hata mtoto mdogo analijua. Hakuna aibu wala mabishano. Nikageuza uso kwa jirani yangu, mke wa mkulima wa mihogo, mwanamke mwema ambaye alinipokelea mtoto huyo kwa mikono yake. Akatazama chini. Nikageuka upande wa pili, kwa muuza chumvi. Naye akatazama chini.

Maana mbele ya meza ile kulikuwa na sheria nyingine. Mtu hasemi mpaka aulizwe. Mwezi uliopita mwanamume mmoja alijibu swali la ndugu yake, akapigwa fimbo mbele ya wote. Basi soko zima, watu arobaini au zaidi, kila mmoja alilijua lile jina kuliko jina la padri, na kila mmoja alisubiri aulizwe, na karani hakumwuliza hata mmoja.

"Mama, haujue baba ya mutoto?" Askari mmoja akacheka. Mimi niliunguzwa na aibu toka miguuni mpaka kichwani. Ningesema! Nilitaka kusema, midomo ikakataa. Ajenti hakuinua uso. Aliandika. Karani akasoma kwa sauti ili nisikie: baba hajulikani. Kamio ingepita siku ya tano, ikirudi kutoka Walikale, nimwandae mtoto, aoge.

Jirani alinifuata nyumbani analia. "Hakuniuliza, dada. Angeniuliza tu!" Sikuwa na hasira naye. Nilituma kijana mwenye miguu myepesi aende msituni, ingawa kwenda tu ni siku nne. Kisha nikamfunga mtoto mgongoni nikakata milima kwenda kwetu. Nililala Kalembe, kesho yake adhuhuri nikawa Muheto.

Mama alisema tumfiche juu malishoni, kwa wachungaji. Baba alikataa. "Mujukuu wangu hakuiba kitu. Hajifichi." Nikamvuta Mama pembeni nikamwuliza polepole: na mimi nikilitaja? Naye akaniuliza jambo moja.

"Mukwe wako iko muzima?"

"Iko muzima."

"Basi utakuwa umemuvua nguo mbele ya watu," akasema, na akaanza kulia. "Lakini mimi sikuchukuliwaka mutoto. Sijui nikuambie nini."

Baba akachukua fimbo yake ndefu ya ng'ombe. Yeye jina lile halikumfunga, lilikuwa la mkwe mwenzake, angelisema kama anavyosema habari za asubuhi. Tukarudi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nilijiambia Baba atasema, yataisha.

Siku ya tano kamio ilisimama sokoni, injini inanguruma. Nyuma walikuwa wamekaa watoto watatu wa rangi ya wangu. Mkubwa wao alikuwa akiwashika wadogo mikono. Soko zima lilisogea. Baba alivua kofia, akasimama mbele ya meza, mzee wa ng'ombe, mgongo umenyooka, akasubiri aulizwe. Karani hakumtazama. "Muzee, toka mu njia." Baba hakutoka, akasubiri. Karani akasema tena, kwa ukali, na askari akamsukuma Baba kwa bega, kofia ikaanguka matopeni. Kisha askari huyo huyo akaja kwangu, akaweka mkono kwenye fundo kifuani pangu, la kitenge kilichomshika mwanangu mgongoni.

Nikalitaja.

Nililitaja lote, na kile kipande cha mwisho kinachosema "mtoto wa". Sikulipigia kelele, lakini askari aliondoa mkono. Nilihisi kama wote wamegeuka kunitazama, mkwe wangu na baba yake na baba wa baba yake, mpaka yule wa kwanza na nyundo yake. Nilisubiri ardhi ifanye kitu. Haikufanya. Injini iliendelea kunguruma.

Ajenti aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Yule wa madaraja?" akasema kwa Kiswahili. "Ulilijua jina hili. Kwa nini hukusema siku ile?"

Hapo ndipo hasira ilinipanda, hasira ya siku tano. "Kwa sababu ni jina ya mukwe wangu! Kwetu bibi hatajake mukwe! Niligeuza uso wangu, watu waseme kwa ajili yangu. Watu makumi ine walisimama hapa, wote wanajua, na wewe haukuuliza hata mumoja! Baba yangu amesimama mbele yako kofia iko chini, haukumuuliza! Unaandika baba hajulikani. Hajulikani kwa nani?"

Nilijua nitapigwa. Baba naye alijua, maana alisogea akasimama kati yangu na askari. Ajenti alinitazama, akatazama Baba, kisha akatazama soko, nadhani kwa mara ya kwanza tangu afike Kivu. Akauliza watu wote, "Ni kweli? Baba wa mtoto huyu ni nani?"

Wamekwisha kuulizwa! Soko zima likajibu kwa sauti moja. Wakulima wa mihogo, muuza chumvi, jirani yangu, wanawake wenye vikapu kichwani, watoto, Baba yangu kwa sauti yake ya kuitia ng'ombe mlima kwa mlima. Walilitaja lile jina la fundi wa mbali, mfu wa siku nyingi, kama watu wanaoitikia kanisani, na likapanda juu ya paa za nyasi za Kashebere. Huko milimani kwa mkwe wangu hakuna aliyejua. Na walipokwisha kunyamaza wote, mwanangu, ambaye kila siku aliwasikia wafanyakazi wakimwita baba yake, akalisema peke yake mgongoni pangu, taratibu na vizuri kuliko sisi wote, akacheka.

Karani alifuta mstari, akaandika mwingine juu yake. Ajenti akasema baba aje Masisi kutia sahihi kabla mwezi haujaisha. Kamio iliondoka na wale watatu, na hilo silisahau. Wao hakuna aliyewauliza watu wa kwao.

Bwana alifika baada ya siku sita, amekonda, matope mpaka magotini, yule kijana nyuma yake. Alikuwa amekwisha kusikia yote njiani, toka kila mdomo. Alimbeba mtoto akamnusa kichwa. Hakucheka kama zamani. Alikwenda Masisi akatia sahihi, akarudi na karatasi, akaniwekea mkononi, akakaa chini mbele yangu.

"Miaka mitano hujalitaja," akasema. "Watu wote wa soko wamekusikia isipokuwa mimi. Litaje mara moja tu, nisikie."

Nikamtazama yule Mzungu mzima, macho yamejaa maji, nikamhurumia. Lakini baba yake alikuwa bado hai.

"Hapana," nikamwambia. "Umuulize mutoto. Sasa ni yake."